Jumong na hatari ya kuamini ramli

Tamthilia ya Jumong, iliyoanza kuonyeshwa Korea Kusini mwaka 2006 na kufikia sehemu 81, ilienea kwetu kwa DVD. Hapa Makole wanafunzi wangu wanamjua Daeso kama jirani yao. Je, tuwakataze, au tuwafundishe namna ya kuitazama?

Uzuri wake upo. Jumong anaanza akiwa mwanamfalme mwoga na mvivu, anayedharauliwa na ndugu zake. Kinachomwinua ni mazoezi, na mwalimu wake ni mfungwa kipofu, Hae Mosu. Wala hawajui kuwa ni baba na mwana.

Lakini kwa nini Hae Mosu alifungwa miaka 20? Kuhani Yeo Mi-eul aliagua kuwa mtu huyu ni hatari kwa ufalme wa Buyeo. Basi akatupwa gerezani kwa kosa ambalo hajalitenda.

Hapa ndipo tamthilia inapoteleza. Inatuonyesha dhulma hiyo, kisha inazidi kuthibitisha maono ya makuhani, hata mtazamaji adhani kuwa ramli ni kweli, ila ilitumiwa vibaya.

Kwetu jambo hili si mchezo. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Vikongwe nao wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Uislamu umeharamisha ramli. Lakini hata asiyekuwa Muislamu na ajiulize: aliyetajwa na ramli atajitetea kwa ushahidi gani?

Vijana na watazame, ila swali hilo tuwaulize.