Nani Anamuuguza Anayeuguza?



Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na makosa yenu mtafunga ukurasa.

Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa parokia moja ya kijijini. Siku moja mwenyekiti wa Jumuiya akanipa karatasi yenye majina ya waamini "waliopotea", wale wasioonekana kanisani wala kwenye Jumuiya. Jina la tatu lilikuwa la dada mmoja wa miaka arobaini na kitu. Pembeni mtu alikuwa ameandika: mwaka wa pili sasa. Nikasema huyu ndiye wa kuanza naye. Njiani nikapanga maneno yangu vizuri: amri ya tatu ya Mungu, uzito wa Misa ya Dominika, jinsi shetani anavyoanza kwa kukutenga na wenzako. Nilikuwa moto kweli kweli.

Nikamkuta mlangoni. Sikungoja hata kiti. Nilihubiri nimesimama, dakika kumi hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, khanga kaifunga kiunoni, mikono inanukia sabuni. Kisha akasema, "Asante, Frateri. Sasa ingia ndani unisaidie kumgeuza baba, saa yake imefika."

Baba yake alikuwa askari mstaafu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, yeye alikuwa kijana wa umri wetu. Alikwenda na wenzake, wakavuka mpaka, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sisi hiyo habari tumeisoma darasani, tukajibu mtihani, tukaisahau. Yeye alirudi nayo nyumbani. Alirudi na kipande cha chuma kwenye paja, na alirudi na usiku wake. Binti yake aliniambia kwamba tangu wakiwa wadogo walizoea kuamshwa na sauti ya baba akiwaamuru watu walale chini. Mama yao alikuwa akimshika bega na kumwambia, "Uko nyumbani, baba fulani, uko nyumbani." Mama alipofariki, kazi ya kusema maneno hayo ikamwangukia binti. Miaka michache baadaye mzee akapata kiharusi, na kazi ikaongezeka: kumlisha, kumwosha, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usipate vidonda. Mchana na usiku. Genge lake la nyanya na vitunguu alilifunga mwaka uleule.

Tukamgeuza. Nilidhani ni kazi ndogo, mzee mwenyewe amekonda. Jamani, jasho lilinitoka. Mzee akanishika kiwiko akaniuliza, "Vijana wameshavuka?" Sikujua nijibu nini. Binti akajibu kwa niaba yangu, "Wameshavuka wote, baba." Akatulia.

Halafu yule dada akaniomba kitu kimoja: "Frateri, unaweza kukaa naye nusu saa, nikaoge?" Alirudi baada ya karibu saa nzima, ameona aibu. "Nisamehe. Nilipomaliza nilikaa tu chini ya mwembe. Nilikuwa nimesahau kukaa."

Wapendwa, nina digrii ya falsafa. Nimeandika kurasa nyingi juu ya Levinas, yule mwanafalsafa anayesema kwamba uso wa mtu mwingine unatuita tuwajibike kabla hatujafungua mdomo. Nilipata alama nzuri tu. Na siku uso wenyewe uliposimama mbele yangu mlangoni, nikauhutubia.

Tena hata mafundisho nilikuwa nimeyashika nusu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inafundisha kwamba wajibu wa Misa ya Dominika unatufunga isipokuwa kwa sababu nzito, na inataja ugonjwa na kutunza watoto wachanga kuwa mifano. Anayemuuguza mtu asiyeweza kuachwa peke yake ana sababu nzito. Yule dada hakuwa amepotea. Alikuwa mahali ambapo Kristo alimweka. Waliopotea tulikuwa sisi, ambao kwa miaka miwili tulihesabu kiti chake kitupu na hakuna aliyepiga hodi kuuliza kulikoni.

Sasa hebu twende kwenye Injili. Kila Misa, kabla ya kukomunika, tunakiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Maneno hayo asili yake ni nani? Si mtume, si nabii. Ni askari! Ni yule akida wa Kapernaumu. Na alikuwa anamwombea nani? Mgonjwa aliyelala nyumbani kwake. Yaani kila tunapokaribia Ekaristi tunaazima mdomo wa askari mwenye mgonjwa nyumbani. Halafu tunatoka kanisani tukipita mbele ya nyumba ya namna hiyohiyo bila kugeuza shingo.

Mtazameni pia Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alikuwa akiilinda ngome ya Pamplona, risasi ya mzinga ikamvunja mguu. Akabebwa mpaka nyumbani kwao Loyola, akafanyiwa upasuaji wa maumivu makali, akakaribia kufa. Miezi ile kitandani ndiyo iliyomgeuza. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, nyumbani havikuwapo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Nani alimpa? Shemeji yake, Magdalena de Araoz, mke wa kaka yake. Mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu aliidhinisha Shirika la Yesu, na hadi leo Wajesuiti wako dunia nzima. Inyasi tunamjua. Shemeji yake wangapi tunamjua? Nyuma ya askari aliyepona mara nyingi kuna mwanamke aliyekesha, na jina lake halisomwi kwenye litania.

Basi tufanye nini? Wale waliomleta mwenye kupooza kwa Yesu, katika Injili ya Marko sura ya 2, walikuwa wanne. Mmoja peke yake asingefika hata kwenye ule ukuta, achilia mbali kupanda darini. Mkeka una pembe nne. Nami naziona pembe nne ambazo kijana anaweza kushika.

Pembe ya kwanza ni muda. Usimwambie anayeuguza, "Ukihitaji chochote niite." Hatakuita, anaona haya. Sema, "Jumamosi saa nne nitakuja kukaa na mzee, wewe nenda sokoni." Kisha nenda kweli. VIWAWA na TYCS tunajua kupanga zamu za kwaya na za usafi. Zamu ya kukaa na mgonjwa inatushinda nini?

Pembe ya pili ni mwili. Mwombe muuguzi wa zahanati aonyeshe familia namna ya kumgeuza mgonjwa bila kujivunja mgongo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Msindikize mwenye mgonjwa kwa afisa ustawi wa jamii akaulizie utaratibu. Na usiku wa mzee usiuite mapepo haraka haraka. Kiwewe cha vita ni jeraha, lina wataalamu wake hospitalini. Sala na daktari havigombani.

Pembe ya tatu ni makaratasi. Hapa ndipo wajane na yatima wa askari wanapoumia kimya kimya. Askari akifa, familia inadaiwa cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mahakama ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Mjane hajui aanzie wapi. Wewe una simu, unajua kusoma fomu, unajua kupanga foleni. Fuatana naye RITA, fuatana naye Mahakama ya Mwanzo, mtafutie msaidizi wa kisheria. Tangu mwaka 2017 nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Habari za pensheni msikisie, nendeni mkaulize ofisi inayohusika, tena mrudi na jibu la maandishi. Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba dini safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Siku hizi kuwatazama ni pamoja na kukaa nao kwenye benchi la mahakama.

Pembe ya nne ni kubaki. Yule mzee alifariki wakati wa Kwaresima. Tulizika vizuri, watu walijaa, turubai mbili, hotuba ndefu za ushujaa. Matanga yakaanuliwa, kaka zake kutoka mjini wakaanza kuzungumzia nyumba, na watu wakatoweka. Wiki ya tatu nilimpitia. Akaniambia, "Frateri, bado naamka saa nane usiku kumgeuza. Nafika kitandani, naona hayupo." Sikuhubiri. Nilikuwa nimejifunza. Nilikaa.

Zamu tuliyokuwa tumeianzisha hatukuivunja, tuliibadilisha. Wasichana wawili wa Jumuiya walikwenda kulala kwake mwezi mzima. WAWATA wakamchangia mtaji kidogo, akafungua tena genge. Suala la nyumba halijaisha, bado wanaitana vikao. Siwezi kuwadanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Lakini Dominika ya Pasaka nilimwona kwenye benchi la nyuma. Alipofika mbele kukomunika, baada ya sisi sote kusema maneno ya yule akida, mimi niliyeshika patena ndiye nilijisikia sistahili.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kazi ya wiki hii ni moja. Mtafute askari mzee mtaani kwako, au mjane wake. Usiulize kwanza habari za vita. Uliza, "Nani anakaa naye usiku?" Halafu chagua pembe yako ya mkeka.

Tusali: Ee Yesu, uliyemsikiliza askari aliyemwombea mgonjwa wake, wasikilize wanaokesha usiku huu. Wape usingizi. Utupe sisi miguu ya kwenda kwao na ulimi wa kunyamaza tukifika. Wote waliokufa wakilinda nchi yetu wapumzike kwa amani. Amina.

Mniombee nami niimarike katika wito. Tumsifu Yesu Kristo!