Je, Chema Chajiuza?

Methali hii twaijua sote: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa Kirolirwe, siku ya soko, waweza kuona ukweli wake. Mwenye maziwa mazuri hapigi kelele. Mnunuzi huyanusa, huyaonja, hulipa. Mwenye jibini hukata kipande kidogo akakupa, nao ulimi wako ukahukumu. Ukidanganywa leo, juma lijalo utanunua kwa mwingine, na mwongo atarudi nyumbani na mzigo wake.

Lakini kuna vitu viwili ambavyo ulimi hauwezi kuvihukumu: dawa na shule. Mgonjwa hajui kilichomo ndani ya chupa. Mzazi haoni kinachofundishwa darasani, na siku atakapojua, miaka ya mtoto imekwisha pita. Katika mambo hayo mawili mnunuzi hanunui kitu alichokionja. Anunua neno la mtu. Basi yafaa tujiulize: mtu asifuye asichokijua, ili mwenzake atoe fedha, ana hatia gani? Na yule amwazimaye kinywa chake je?

Jambo hili si geni duniani. Katika Uingereza, tangu mwaka 1837, ule ule alioanza kutawala Malkia Victoria, mtu mmoja aitwaye Thomas Holloway alitangaza marhamu yake, na baadaye vidonge pia, katika magazeti. Alisema vyaponya magonjwa mengi yasiyo na undugu kati yao. Matangazo yake yalienea hata nchi za mbali, akawa tajiri sana. Wataalamu walipovichunguza vidonge, waliona shubiri na vitu vingine vya kawaida: dawa ya kuharisha, basi. Holloway alikufa mwaka 1883. Kwa fedha zake kilijengwa chuo kikubwa cha wanawake, kilichofunguliwa mwaka 1886, nacho kipo hata leo.

Huko huko magazeti yalitangaza pia shule za bweni za jimbo la Yorkshire. Zilisifiwa kwa karo ndogo, chakula kizuri, na tena kwa kutokuwa na likizo. Lifikiri neno hilo la mwisho. Mtoto asiyerudi nyumbani hawezi kueleza anavyoishi. Mwaka 1823 mwenye shule mmoja wa kijiji cha Bowes, William Shaw, alishtakiwa na wazazi ambao watoto wao walipofuka kwa kutotunzwa. Alishindwa, akalipa, na shule yake ikaendelea. Mwaka 1838 mwandishi Charles Dickens alikwenda kuzitazama shule hizo, akazifichua katika kitabu chake Nicholas Nickleby.

Tusiwacheke Waingereza. Mwaka 1987, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilitangazwa dawa ya UKIMWI kwa jina la MM1, yaani herufi za marais wawili, Mobutu na Mubarak. Majina makubwa yalitangulia, ushahidi haukufuata, ugonjwa haukupona. Na shule je? Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma hazina karo, madarasa yetu yamejaa, na mzazi mwenye akiba kidogo hutafuta mahali penye nafasi. Ndipo aonapo kibao cha shule ya binafsi: wote wameshinda mtihani, mia kwa mia. Zipo shule za binafsi zilizo njema, nami nazijua. Lakini kibao hakisemi ni watoto wangapi waliondolewa kabla ya mtihani kwa kuwa walikuwa dhaifu.

Sasa nitasema yaliyo yangu. Miaka michache iliyopita alinijia mtu mwenye kipaza sauti na makasha ya chupa. Alisema dawa yake yaondoa minyoo, utasa, maumivu ya mgongo na kifafa. Aliniomba niseme neno baada ya ibada ya Jumapili, naye akatoa madaftari kwa wanafunzi wangu. Watoto walikuwa hawana pa kuandikia. Nilisema.

Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kifafa katika darasa langu. Alinunua chupa tatu, akaacha kwenda kuchukua vidonge katika kituo cha afya. Usiku mmoja mtoto alianguka motoni jikoni. Hakufa, lakini mkono wake wa kuume haukunjuki. Nilipokwenda kumwona, yule mama hakumtaja muuzaji, kwani hakumjua hata jina. Aliniambia tu: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyesema."

Nilijitetea moyoni kwa njia tatu. Kwanza: sikusema uwongo, nilirudia nilivyoambiwa. Lakini nilijua kwamba sijui, nami nikasema kama ajuaye. Hapo amri ya nane imevunjwa. Pili: alinunua kwa hiari yake. Lakini mfa maji hukamata maji. Mwenye mtoto mgonjwa hana hiari kama ya mwenye kuchagua maharage. Kumtoza mtu fedha kwa hofu yake ni kuvunja amri ya saba. Tatu: madaftari yalifanya mema. Ndivyo na chuo cha Holloway kilivyofanya mema. Lakini sadaka apewayo mwingine haimrudishii aliyepotezewa. Mwizi wa mbuzi huiba mbuzi tu, nawe wajua umeibiwa. Mwongo wa dawa huiba pia siku ambazo ungetafuta dawa ya kweli.

Sheria ya kurudisha yasema: kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Neno nalo hurudishwa palepale lilipotolewa. Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale, nikawaambia watu: nilisifu nisichokijua, wenye vidonge vya kituo cha afya wasiviache. Nilitoka na aibu. Mkono wa mtoto haukukunjuka kwa ajili hiyo, lakini wawili waliokuwa wamekwisha kuacha vidonge vyao walirudi kuvichukua.

Basi, enyi walimu, makatekista na wazee mnaosikilizwa na watu, kabla ya kuazima kinywa chenu jiulizeni maneno haya. Je, nakijua kitu hiki mimi mwenyewe, au namjua tu anisihiye? Je, nimepewa nini ili niseme? Je, likitokea baya, nitathubutu kumtazama mama wa mtoto usoni?

Maziwa mazuri hujiuza yenyewe. Dawa njema na shule njema hazina ulimi wa kuonjwa. Zahitaji shahidi wa kweli. Na sisi ndio tuombwao ushahidi huo.