Upara, Zinki na Uhalali wa Tiba

Mjini Tabora, tangu karne ya 19, Waislamu na Wakristo wameishi kwa ujirani. Vitabu vya pande zote mbili vinagusa swali hili: je, ni halali mtu kutafuta dawa ya upara, ilhali si maradhi? Mambo ya Walawi, sura ya 13, inamhukumu aliyepukutika nywele kuwa ni safi, kwa hiyo hana cha kutakaswa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakwenda mbali zaidi, kwani inamtaja mwenye upara aliyeulizwa na malaika anapenda nini, akaomba nywele nzuri, naye akapewa. Kosa lake lilikuja baadaye, alipomnyima maskini na kuikana neema. Kwa hiyo kutamani nywele si dhambi, na hoja inahamia kwenye dawa yenyewe inayouzwa, yaani vidonge vya zinki.

Zinki ni madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo, takribani miligramu 11 kwa siku kwa mwanamume. Anayeyakosa sana hunyonyoka nywele, na akiyapata huota tena. Upungufu huo unawezekana kwa mlaji wa ugali wa mahindi asiyepata nyama wala dagaa, kwa sababu fitati, kemikali iliyomo katika nafaka, huyashika madini hayo yasifyonzwe tumboni. Katika zahanati kidonge cha zinki cha miligramu 20 huyeyushwa kijikoni na kunyweshwa mtoto anayeharisha, na hapo manufaa yake yamethibitika.

Upara wa kurithi, ule unaoanzia kwenye paji na utosini, una asili nyingine. Mwaka 1942 mtafiti James Hamilton wa Marekani alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, maana unahitaji homoni za kiume pamoja na urithi, ambavyo kwa pamoja hunyong'onyeza mashina ya nywele. Ni kweli kwamba katika maabara zinki huzuia kimeng'enya kinachozalisha homoni ya kiume iliyo kali zaidi, na matumaini ya wauzaji yametoka huko. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba vidonge humrudishia nywele mtu ambaye mwili wake haukupungukiwa zinki, na anayezidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, hata akapata upungufu wa damu.

Lawama, basi, haimwangukii mwenye upara anayetamani nywele. Inamwangukia anayemuuzia kidonge kwa ahadi hiyo bila kumwuliza anakula nini wala nywele zimeanzia kupungua wapi, kwa kuwa sheria ya Kiislamu ya biashara inamlazimu muuzaji kubainisha kasoro ya bidhaa yake kabla ya kupokea fedha.