Nguo Hizi Tuziweke Wapi?

Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa liko swali ambalo mababu zetu hawakuwa na haja ya kuliuliza: Nguo hizi tuziweke wapi? Mama huliuliza anapofagia, na baba huliuliza anapotafuta shati lake la Jumapili asilione. Mgeni akija kulala ndipo swali huwa kali, maana kitanda cha wageni kimejaa vitenge na makoti hata hapana pa kumlaza mtu. Wengi hudhani kuwa ni kazi ya seremala tu: apige kabati, nayo yaishe. Mimi naona kuwa seremala aweza kujibu nusu ya swali hili, na nusu iliyobaki yatupasa tuijibu wenyewe.

Zamani, katika nyumba ya msonge, mtu alikuwa na ngozi yake au nguo yake ya gome la mti, na pengine alichokivaa mchana ndicho alichojifunika usiku. Hapakuwa na kitu cha kutunzia. Mwaka 1861 Speke na Grant walifika Bweranyange kwa Mfalme Rumanyika, na Speke aliandika katika kitabu chake zawadi alizompa mfalme. Miongoni mwake mlikuwamo sanduku la bati, na koti, na kitambaa chekundu. Nimependezwa kuona sanduku na koti katika orodha moja. Aletaye nguo ya ziada hana budi kuleta na mahali pa kuiweka.

Basi kwanza tuseme habari za mahali. Nchi yetu ni ya milima na baridi, mvua zake ni za misimu miwili, na adui wa nguo hapa ni unyevu kuliko kitu kingine chochote. Usiku bati la paa hupoa, mvuke wa nyumba hugandamana chini yake ukadondoka; kwa hiyo nguo zilizorundikwa juu ya boriti pasipo dari zitaota ukungu hata kama paa halivuji. Sanduku lisikalie sakafu ya udongo, bali liinuliwe kwa matofali mawili matatu, mchwa wasilipandie kwa siri. Wala lisibanwe na ukuta. Chini ya kitanda mna nafasi kubwa isiyotumiwa vema, nayo yafaa sana ikiwa sanduku lina kifuniko. Nyuma ya mlango zaweza kupigiliwa misumari au vigingi. Lakini usiweke nguo katika chumba kimoja na kahawa ya maganda ambayo haijakauka barabara, kwani itazipa unyevu na harufu, na panya afuataye maharagwe hachagui gunia na sketi. Tena, nguo ifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kutunzwa. Nondo hupenda sufu na manyoya, lakini pamba iliyoshika jasho na mafuta nayo huitafuna.

Mtu akifanya hayo yote, atapata nafasi. Bali baada ya mwaka mmoja nafasi ile itajaa tena, naye atarudi kwa seremala. Hapo ndipo yatupasa tujiulize: kila nguo iliyomo sandukuni yamngoja nani?

Ziko nguo zinazongoja mtu ajulikanaye. Bibi kizee aliyekunja shuka jipya na kuliweka chini kabisa ya sanduku, akiwaambia wanawe kwamba hilo ni la siku ya kuzikwa kwake, hana nguo ya ziada; ile ina siku yake. Blanketi la pili nalo lina wake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipobomoa nyumba nyingi katika mkoa wa Kagera, na watu wakawa wanalala nje, hakuna aliyemlaumu jirani kwa kuwa na blanketi la akiba. Kwa hiyo siungani na wale wasemao kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Maskini asiyeweka kitu huwa mzigo kwa maskini mwenzake.

Lakini ziko nguo zisizomngoja mtu. Kitenge cha sare ya harusi kilishonwa kwa ajili ya siku moja, na harusi ya pili ikataka rangi nyingine, na kikundi cha akina mama nacho kikachagua chake. Yako makoti yaliyonunuliwa mnadani kwa sababu yalikuwa rahisi. Ziko suruali ambazo baba alizivaa alipokuwa mwembamba, naye kwa miaka mingi anatumaini kuwa mwembamba tena. Sicheki, najua kwamba kila moja ina sababu yake. Hata hivyo nguo hizo zimekwisha kuacha kazi ya nguo. Kazi ya nguo ni kumsitiri mtu, nazo hazimsitiri yeyote. Zinakula nafasi tu, na nondo anazila zenyewe.

Na hapa sisi walimu tunaona jambo ambalo wengine hawalioni. Tangu mwaka 2016 wazazi hawalipi ada katika shule za serikali za msingi na za sekondari hata kidato cha nne, lakini sare bado ni juu yao. Mtoto hukua haraka. Shati jeupe na sketi ya buluu havimwezi kwa muda mrefu. Mama huvifua, huvikunja vizuri, huviweka sandukuni, kwa kuwa vilinunuliwa kwa fedha za kahawa na ni vigumu kuachana navyo. Nyumba ya tatu kutoka pale yuko mtoto anayekaa nyuma darasani ili mpasuko wa nguo yake usionekane na wenziwe. Nauliza: shati lile ni la nani? Kwa sheria ni la aliyelinunua, wala hapana mwizi hapa. Lakini Yohana Mbatizaji, watu walipomwuliza watende nini, hakuwauliza ni nani aliyenunua zile kanzu mbili.

Mtu atajibu kwamba hata Wazungu wamejaza makabati. Ni kweli, tena matokeo yake tunayavaa. Mitumba inayofunguliwa katika masoko yetu ilitoka katika nyumba za watu wa mbali waliouliza swali hili hili la mahali pa kuweka. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikusudia kuipunguza mitumba mpaka ikome, ili viwanda vyetu vipate nafuu. Rwanda ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya kodi iliyokuwa ikitolewa kwa nguo za Rwanda. Nchi nyingine zililegea. Silitaji jambo hili ili kumlaumu anayevaa mtumba, maana mimi mwenyewe ninavaa. Ninalitaja ili tuone kwamba kuondoa kitu usichokitaka si sawa na kukitoa. Yule wa mbali hakumjua atakayelivaa koti lake. Sisi tunamjua, na jina la baba yake tunalijua.

Kwa sababu hiyo kutoa kwetu ni kugumu zaidi kuliko kwao. Ukimpa jirani nguo kuukuu mbele ya watu, umemvisha aibu juu ya shati. Ukimpa nguo iliyokwisha kuota ukungu, umemfanya jalala. Wako wazazi wenye busara wanaomwambia mwenzao, "Dada, nguo hii imemkataa mwanangu, jaribu kwa wako, na wangu akipungukiwa nitakuja kwako." Maneno haya si ya hila, kwa kuwa msimu ujao huenda yakatimia kweli. Wengine humwuzia kwa bei ndogo, na mnunuzi huondoka kichwa juu. Hiyo nayo ni njema, ila bei iwe ndogo kweli. Lakini fanya kabla mtoto hajavuka darasa, na kabla panya hawajafanya uamuzi kwa niaba yako.

Limebaki jambo moja ambalo sina sheria yake. Katika nyumba nyingine koti la marehemu hutundikwa kwenye msumari, nalo hukaa hapo mwaka, miaka miwili, hata mitano. Desturi husema nguo za marehemu zigawiwe, na kwa kawaida hugawiwa. Lakini lile moja mjane hakulitoa. Halimsitiri mtu, wala halimngoji mtu atakayerudi. Kwa yote niliyoyasema hapo juu lingestahili kutolewa. Nami nikiingia katika nyumba ile na kuona nafasi ni finyu, naketi upande wa pili, wala simwulizi habari ya msumari ule.