Moja na Tano

Fundi mmoja wa madirisha ya alumini alimaliza kupima nyumba ya mteja, akaona hakuna haja ya kufunga safari hadi duka la vioo. Akapiga simu. Kioo kikubwa cha sebuleni, kile kisichofunguka, kilitakiwa kiwe na upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Mteja alikuwa na shughuli nyumbani mwishoni mwa wiki, na kirikuu cha kubebea mzigo kilishalipwa.

"Andika, mdogo wangu," alisema fundi. "Kile kikubwa ni moja na tano kwa moja na ishirini."

"Moja na tano kwa moja na ishirini," alirudia kijana wa dukani. "Sawa, fundi."

Mchana vioo vikafika. Vidogo vyote vilikaa. Kikubwa kilipoinuliwa, kimo kilikuwa sawasawa, ila ubavuni palibaki uwazi ambao mtoto angepita bila kuinama: sentimita 45. Kioo kikubwa mno hupunguzwa. Kilichopunguka hakiongezeki wala hakiungwi.

Ugomvi uliofuata ulichekesha wote isipokuwa waliokuwamo. "Si ulisema moja na tano?" "Ndiyo, nilisema moja na tano!" Kila mmoja alimshuhudia mwenzake. Mwenye duka akawapa karatasi, kila mtu aandike alichokusudia. Fundi akaandika 1.5. Kijana akaandika 1.05. Kioo cha pili fundi alikilipia kutoka kwenye ufundi wake, na cha kwanza kikaegemezwa ukutani dukani kumngoja mteja mwenye dirisha la kipimo hicho.

Wengi waliosikia kisa hiki walimlaumu kijana. Mimi namtetea. Tazama alichoambiwa: "moja na ishirini" ilimaanisha mita moja na sentimita ishirini, yaani 1.20, na hapo alielewa barabara. Kwa kanuni hiyohiyo, "moja na tano" ni mita moja na sentimita tano. Fundi ndiye aliyebadili kanuni katikati ya sentensi: namba moja aliisoma kwa sehemu za mia, nyingine kwa sehemu za kumi, asitaje kipimo hata kimoja. Angetaka kufuata mwendo wa ile moja na ishirini yake mwenyewe, angesema moja na hamsini. Au angesema mita moja na nusu, kama bibi yake angesema, na kazi ingekwisha.

Mazoea haya yanatoka kwenye pesa. Shilingi 3.50 tunaisoma shilingi tatu na senti hamsini, na ni sahihi kabisa, kwa sababu senti ni sehemu ya mia ya shilingi na jina lake limetajwa. Taabu huanza jina likianguka na "na hamsini" ikabaki peke yake. Ndiyo sababu darasani 3.25 husomwa tatu nukta mbili tano, tarakimu moja moja, wala si tatu nukta ishirini na tano. Mtoto anayesikia "ishirini na tano" upande huu na "saba" upande ule atakwambia 3.25 ni kubwa kuliko 3.7, na masikio yake yatamuunga mkono. Anayependa kuiandika kwa maneno kamili aandike tatu na sehemu ishirini na tano za mia. Hapo ishirini na tano inaruhusiwa, maana imetajiwa nafasi yake. Na 3.7 ni tatu na sehemu saba za kumi, ambazo ni sawa na sehemu sabini za mia.

Sifuri nayo itamkwe. 1.05 ni moja nukta sifuri tano, na kwenye simu yenye mikwaruzo sifuri ndiyo ya kusemwa polepole kuliko zote. Watu huimeza kana kwamba kutaja kitu ambacho si kitu ni kupoteza muda.

Simon Stevin, Mflemi aliyechapisha kijitabu kuhusu desimali mwaka 1585, hakutumia nukta. Kila tarakimu aliifuatisha kiduara chenye namba ya nafasi yake. Yalikuwa maandishi ya kuchosha mkono, lakini nafasi ilijitaja yenyewe. Sekta ya ujenzi ya Australia, nchi ilipohamia vipimo vya mita katika miaka ya 1970, ilikwepa nukta kwa njia nyingine: ikachagua milimita na kuiacha sentimita. Dirisha la fundi wetu lingekuwa 1500 kwa 1200.

Kwenye dawa, kosa halilipiwi kwa kioo kipya. Nusu miligramu ikiandikwa .5 bila sifuri mbele, nukta ikafifia kwenye karatasi au ikaangukia juu ya mstari, muuguzi husoma 5, na mgonjwa hupewa mara kumi ya dozi. Miligramu tano zikiandikwa 5.0, nukta isipoonekana huwa 50. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, iliziweka namna hizo mbili kwenye orodha ya maandishi yasiyotakiwa: sifuri iwekwe mbele ya nukta, isiwekwe ya bure nyuma yake.

Mzigo unaotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi huvuka mpaka mwingine usioonekana kwenye ramani. Kongo, kwa kufuata shule ya Kifaransa, huandika 1,5 kwa mkato pale sisi tunapoweka nukta. Karatasi yenye tani 1,500 huku ni elfu moja na mia tano. Kule mtu anaweza kuisoma tani moja na nusu. Maneno yakiandikwa kando ya tarakimu, shaka huondoka. Sheria ya hundi ya Kenya, iliyorithiwa kwa Waingereza, inasema hivyo waziwazi: maneno na tarakimu zikipishana, kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho cha kulipwa. Kwa hiyo anayekosea maneno amekosea palipo pabaya zaidi.

Kuna nukta nyingine tunayoiandika kila siku ambayo si ya desimali hata kidogo: ile ya saa. Kibarua aliyefanya kazi saa saba na dakika thelathini huandikiwa 7.30 kwenye daftari, na karani huiingiza hivyohivyo kwenye kikokotoo. Kwa malipo ya shilingi 2,000 kwa saa, anapata 14,600. Saa saba na nusu ni 7.5, na haki yake ni 15,000. Kwa siku 26 za kazi, mtu huyo anadai shilingi 10,400 ambazo hakuna aliyekusudia kumdhulumu.