Nyumba Nzima Ikilala

Magonjwa nayo yana vyeo. Malaria ina kipimo chake, dozi yake na karatasi ya kumwonyesha mwajiri. Shinikizo la damu lina kliniki na siku yake ya wiki. Mafua hayana kitu. Ukimwambia mtu kuwa nyumbani kwako kuna mafua, atakupa pole moja ya haraka, ataongeza "ni mafua tu," kisha ataendelea na lililomleta. Hakuna atakayekuja kukujulia hali, hakuna mchango utakaopitishwa, na kikundi cha kuweka na kukopa kitakutoza faini ya utoro kama kawaida.

Mimi ni mama wa watoto wanne na mwalimu wa shule ya msingi hapa Same mjini. Dharau hii imenichosha. Si kwamba mafua yanaua kila anayeyapata. Wengi wetu hupona wenyewe. Kinachonichosha ni kwamba tunayapima vibaya. Tunauliza mgonjwa mmoja ameumia kiasi gani, ilhali mafua hayamtaki mtu mmoja, yanataka nyumba. Malaria humlaza mmoja na kuwaacha wengine wamuuguze. Mafua huwalaza na wauguzi.

Msimu wake huku kwetu ni Juni na Julai. Juu milimani, Chome na Mbaga, ukungu hushuka asubuhi na watu hukaa karibu na moto. Huku tambarare, upepo wa Same unaojulikana na kila abiria aliyewahi kushuka stendi hapa hupuliza vumbi mpaka ndani ya sufuria, nasi hufunga madirisha. Chumba kilichofungwa, chenye watu wengi, ndicho virusi vya mafua vinachokitafuta. Tena mtu huanza kuambukiza karibu siku nzima kabla hajapiga chafya ya kwanza. Mama anapoona kamasi kwa mtoto wa darasa la pili, mtoto huyo ameshalala kitanda kimoja na mwenzake, ameshanywa kwenye kikombe cha dada yake, na ameshambusu mdogo wake anayenyonya.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Alianza wa darasa la pili, akafuata mwenziwe wa kitandani. Baba watoto ni dereva wa lori na alikuwa njiani kwenda Tunduma, kwa hiyo msaidizi wangu alikuwa binti yangu wa kidato cha pili, mpaka naye alipoanza kutetemeka akiwa ameshika mwiko. Mtoto mchanga akashika homa usiku huohuo. Kulipopambazuka nilisikia mifupa yangu ikiuma, nikajua zamu yangu imefika na hakuna wa kunipokea.

Wanaosema "ni mafua tu" huwa hawauoni ugonjwa wenyewe ulipo. Kikohozi ni sehemu ndogo. Ugonjwa ni maji ambayo hayajachotwa, moto ambao haujawashwa, kuku ambao hawajafunguliwa, nguo zilizotapikiwa zinazongoja sabuni, na mtu mmoja mwenye homa anayetakiwa kuyafanya yote. Mama mkwe wangu, anayeishi Myamba, alilielewa hilo kwa simu kabla sijaeleza lolote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti gani hiyo! Nani anapika huko?"

Hakuuliza nani anaumwa. Aliuliza nani anapika.

"Ninapika mwenyewe, mama."

"Na ukilala wewe?"

Nikanyamaza. Akasema atatuma tangawizi na viazi kwa gari la kesho, nimtume mtu stendi akapokee kwa konda. Tukacheka wote wawili, mimi kwa kukohoa, kwa sababu wa kumtuma ndio hao waliolala.

Tangawizi ni fahari ya kwao. Miteremko ya Mamba na Myamba huilima kwa wingi, na wakulima wake walifika hatua ya kuwa na kiwanda cha kuisindika. Mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 kutangazwa nchini mwezi Machi, Watanzania wengi waligeuka wateja wa tangawizi na malimao, na kujifukiza kukawa desturi mpaka maofisini. Naipenda chai ya tangawizi. Inapasha koo moto, inamfanya mtoto anywe maji mengi bila kulazimishwa, na hilo si dogo. Lakini haiui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi yenye mtoto ndani inaweza kumuunguza vibaya kuliko mafua yenyewe. Asali nayo hulainisha kikohozi, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa.

Dukani kwa dawa kuna mtego mwingine. Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwa ubahili, na watani zetu Wachaga hawachoki na hadithi hizo. Kwa mafua, ubahili huo ni tiba sahihi. Vidonge vya rangi mbili ambavyo kila mtu huviomba kwa jina, amoksilini na ndugu zake, huua bakteria. Virusi haviguswi navyo. Anayenunua nusu dozi ili "kukata mafua" anatupa hela, tena anawazoesha bakteria kuishi na dawa ambayo siku moja mtoto wake ataihitaji kwa nimonia. Mafua ya kawaida yanahitaji dawa ya kutuliza homa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, vinywaji, chakula chepesi na usingizi. Aspirini wasipewe watoto. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha hata akiumwa, ajifunge kitambaa puani na mdomoni, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mwanawe.

Ila ubahili una mwisho wake, na mwisho huo kila mzazi aujue kwa moyo. Mtoto akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au kifua chake kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje asubuhi. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni dalili ya nimonia. Na homa yoyote ipimwe malaria, hasa kwa familia za Kihurio, Ndungu na Kisiwani au kwa mtoto aliyetoka kutembea huko. Kudhani kwamba homa ni mafua ni kosa sawa na kudhani kwamba ni malaria.

Hayo ndiyo ya kitabibu, na yanafundishika kwa nusu saa kliniki. Lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni la nani anapika.

Historia ilishatujibu kwa ukali. Mafua makubwa ya mwaka 1918 yaliua watu wapatao milioni 50 duniani kwa makadirio ya wengi. Afrika Mashariki yaliingia kupitia bandari, yakapanda treni na kutembea na wapagazi na askari waliokuwa wakirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita Hedaru, Makanya na Same, chini kabisa ya miguu ya milima yetu. Vita vilikuwa vimekwisha kuchukua wanaume kwa ajili ya mizigo na vyakula kwa ajili ya majeshi. Mafua yale yalikuwa na tabia ya kipekee: yaliwaua sana watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Huo ndio umri wa wazazi. Sehemu nyingi duniani walioyashuhudia walisimulia jambo moja, kwamba nyumba nzima zililala kwa pamoja na baadhi ya wagonjwa walikufa ambao labda wangepona kama angekuwepo mtu wa kuwapa maji. Dawa haikuwepo popote, hata kwa matajiri wa London. Lakini penye mtu wa kushika kikombe, wapo waliopona.

Nasema haya kwa watu wanaojua kazi ya pamoja kuliko wengi. Upareni tuna msaragambo. Mbiu ikipigwa, kila nyumba hutoa mtu. Shule ngapi za milimani zilijengwa hivyo, mawe yakipandishwa kwa vichwa? Barabara ngapi zilichimbwa kwa majembe kabla serikali haijaleta greda? Ndiva zetu, mabwawa ya jadi yanayokusanya maji usiku ili yagawiwe mashambani mchana, hazijawahi kusafishwa na mtu mmoja. Kila mmoja anajua kuwa tope likijaa, zamu ya maji ya wote inapungua. Hakuna anayesema "ni tope tu."

Najua pingamizi lipo, nalo ni la haki. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu kwetu, Mkristo na Mwislamu sawa, na ugonjwa huu ndio usiotaka wageni. Ukija kukaa kitandani kwangu saa nzima, kesho umelala wewe, na keshokutwa wanao. Watu wengi wa mtaani kwangu hukaa mbali kwa hofu hiyo, si kwa ukosefu wa upendo. Lakini kati ya kukaa kitandani na kukaa mbali pana nafasi kubwa. Jirani yangu mmoja, mama muuza samaki stendi, aliitumia vizuri. Alikuja na chupa ya uji, akaiweka kizingitini, akagonga, akarudi nyuma mpaka kwenye mwarobaini na kupaza sauti, "Mwalimu, uji huo! Chupa ya jana iko wapi?" Akachukua tupu, akafungua kuku wangu, akaondoka. Kijana wake akajaza madumu mawili bombani na kuyaacha palepale. Hakuna aliyeshika mkono wa mtu, na sote tulikula.

Yale madumu yananikumbusha kuwa hata sabuni ya kunawia inategemea maji, na maji yanategemea mtu mwingine. Kwa miaka mingi Same maji yalinunuliwa kwa ndoo, na kumwambia mama anawe kila mara ilikuwa kumwambia atumie fedha asizonazo. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan baada ya kusubiriwa kwa zaidi ya muongo. Huo ni mkono wa umma kwenye ugonjwa wa nyumbani, ingawa hakuna aliyeuita mradi wa mafua.

Sheria nayo imetoa kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa walau siku nne za likizo yenye malipo katika mzunguko mmoja wa likizo, kwa ajili ya kuumwa au kufiwa na mtoto, na kwa misiba mingine ya karibu. Siku hizo hazijaandikiwa kina mama peke yao. Baba aliyeajiriwa ana haki nazo sawasawa, ila ni nadra kumwona akiziomba kwa sababu mwanawe ana kikohozi. Kwa kawaida anayekatishwa shughuli ni mama, na mama akilala, anayekatishwa masomo ni binti. Mimi daftari la mahudhurio nalishika mwenyewe darasani. Kila msimu wa baridi wasichana hukosekana siku ambazo wao wenyewe hawaumwi. Nikiwauliza wanasema, "Mama anaumwa, mwalimu." Kaka zao wapo darasani.

Na wengi wa Same hawana mwajiri wa kuombwa likizo. Mkulima wa tangawizi, mchoma mahindi wa stendi, mfuga mbuzi wa Makanya, siku wasiyofanya kazi hawali. Kwao sheria ni jirani.

Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa wetu akiitisha mkutano nitaomba nafasi ya kusema. Nitaomba nyumba ambayo wauguzi wake wote wamelala ihesabiwe kuwa na jambo, hata kama jambo lenyewe ni mafua. Kikundi chetu kisitoze faini wiki hiyo. Maji na uji vifike mlangoni kwa zamu, na wa kwanza kutumwa wawe waliopona karibuni, kwa kuwa si rahisi walazwe tena mara moja na mafua yaleyale. Wazee wanaoishi peke yao wapigiwe simu kila asubuhi. Hakuna fedha inayotakiwa hapo, kwa hiyo sitegemei Mpare yeyote apinge. Nitaomba pia kwamba orodha ya zamu ikibandikwa ofisini, iwe na majina ya kina baba, na baba akiitwa aje yeye mwenyewe, asimtume binti yake.