Kamongo: Samaki Akaaye Udongoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vya nchi kavu na vya majini. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mvua zinyeshapo katika vinamasi vya Mto Tana, huweza kuonekana samaki mahali palipokuwa pakavu. Asiyechunguza atasema, "Ameanguka na mvua," au, "Amezaliwa na udongo." Hiyo ni dhana, na dhana haisimami mahali pa ujuzi.

Samaki huyo ni kamongo, ambaye wengine humwita kambare-mamba. Ana matamvua kama samaki wengine, lakini ana na mapafu. Akizuiliwa asipande juu kuvuta pumzi, hufa maji naye yumo majini. Maji yakikauka hujichimbia topeni, akajikunja mkia ukafunika kichwa, akatoa ute ukamkaukia mwilini kama sanda, ukabaki tundu mdomoni tu. Moyo wake hupiga polepole, naye huishi kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Wako waliokaa hali hiyo zaidi ya mwaka mmoja, wakatiwa majini, wakaogelea.

Jamii zake katika Afrika ni 4: mmoja yuko Mto Nili na Ziwa Viktoria, wa pili tangu Senegal hata Zambezi na Limpopo, wa tatu Kongo, na mdogo wao yuko vinamasi vya pwani yetu hata Msumbiji. Mayai hulindwa na dume mpaka watoto waweze kujitegemea.

Basi tuzingatie. Aliyesema samaki ameanguka na mvua hakumtukuza Mungu; amejinyima kuiona kazi yake. Wala tusiseme mimbarini kuwa kamongo hufa kisha akafufuka, kwani hakufa. Kiyama ni haki, na dalili zake zatosha. Haki haihitaji kuegemezwa uongo. Kijana akiusikia uongo huo kwetu, kisha akaujua ukweli skuli, atatutilia shaka hata katika yaliyo kweli.

Qur'ani yatuamrisha tutazame na tufikiri. Basi mwana akija nyumbani na swali juu ya samaki, asikemewe kwamba hiyo si elimu ya dini. Tukijua, tumjibu, tusipojua, tuseme hatujui, kisha tutafute pamoja naye.

Wabillahi taufiq.